Mbeya ya kutembea kwa miguu: maswali mnayouliza kila siku

Tangu magreda yaanze kuchimba pembeni ya barabara kuu inayopanuliwa kuwa njia nne maswali ni yaleyale, kwenye kikao cha mtaa, kijiweni, kwenye magrupu ya wasap, hadi msibani mtu anakuvuta pembeni anakuuliza eti na nyumba yangu vipi. Nimeyakusanya hapa. Majibu ni yangu kama mkazi ninayefuatilia mambo ya mipango miji, si tamko la halmashauri wala la serikali, kwa hiyo nikiwa mkali sehemu mnivumilie tu.

Kwani Mbeya si tunatembea tayari? Mnapanga nini tena?

Ndo hapo sasa. Watembeaji tunao wa kumwaga, kinachokosekana ni njia. Simama Kabwe au Mafiati saa 12 asubuhi uangalie nani anapita: wanafunzi na mabegi yao, mama na beseni la ndizi kichwani, fundi na mkoba wa vifaa, wote wamebanana kwenye kile kipande cha vumbi kilichobaki kati ya mtaro na bajaji zilizopaki. Hao hawatembei kwa sababu mji umewapendeza, wengine nauli haipo, wengine nauli ipo ila wameamua ikanunue sukari. Afu ukija kwenye mipango unakuta yanahesabiwa magari tu, yani mtu asiye na gari hata kwenye karatasi hayupo. Kupanga mji wa kutembea maana yake huyo naye ahesabiwe, basi.

Mji unaotembeleka ukoje hasa?

Kipimo rahisi ni dakika 10. Mtu mzima kwenye tambarare anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo dakika 10 ni mita 800 hivi. Je, ndani ya hizo mita 800 kutoka mlangoni kwako unafika dukani, shule ya msingi, kituo cha daladala, zahanati, sehemu ya kununua mboga? Na je unafika bila kurukaruka mitaro, bila kukimbizana na lori, na bila kuogopa ukirudi saa 2 usiku? Ukijibu ndiyo mtaa wako uko vizuri hata kama hauna lami. Watu wengi wanadhani ishu ni lami, kumbe kuna mitaa ya lami mpya kabisa ambayo mtoto wa darasa la pili hawezi kutumwa chumvi upande wa pili.

Kwa Mbeya ongeza na mlima, maana mita 800 za kupanda kuelekea Loleza si sawa na mita 800 za Soweto. Nitafika huko.

Mbona mnaongelea mpaka Mbalizi na Songwe? Si ndo Mbeya Vijijini ile?

Kwenye makaratasi ndiyo. Jiji lina kata 36 na sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603, na Mbalizi haimo humo, iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Uwanja wa ndege wa Songwe ulioanza kazi Desemba 2012 nao uko nje ya jiji. Ila muulize mtu anayeishi Mbalizi anafanya kazi Mwanjelwa kama anajua amevuka mpaka saa ngapi. Hajui, na miguu yake haijui.

Hapa historia inasaidia kidogo. Mji ulianza 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, ukajengwa kule juu chini ya mlima, na ndo maana ukitembea Sisimba au Majengo utaona vitalu vifupi, kona nyingi, duka na nyumba vimekaa jirani. Ulipangwa wakati gari ni la bwana mkubwa peke yake. Baadaye ikaja TANZAM, yani barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, ikaja reli ya TAZARA na stesheni ikawekwa Iyunga, mji ukavutwa kushuka chini ukaanza kujinyoosha na barabara: Uyole, Nane Nane, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, Mbalizi. Leo tunaishi kwenye mji mwembamba mreeefu ambao uti wa mgongo wake ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo. Sasa mji wa hivyo ukiupanga nusu nusu, jiji lao na wilaya yao, utapata njia ya miguu nzuri inayokufa ghafla kwenye kibao cha mpaka na upande wa pili ni tope. Ninachotaka mimi ni ramani moja ya njia za miguu kuanzia Uyole hadi Songwe iliyowekewa saini na halmashauri zote mbili. Hata ikijengwa kwa miaka 15 sawa, ila iwe moja.

Barabara ya njia nne itatusaidia au itatumaliza?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na nitalijibu kwa urefu.

Kipande kinachopanuliwa ni Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Foleni ya Mwanjelwa kila mtu anaijua, kwa hiyo sina ugomvi na upanuzi. Hofu yangu iko kwenye kuvuka. Kutembea kandokando ya barabara pana ni raha, utapewa njia ya pevingi pana kabisa, lakini maisha ya Mbeya yako pande zote mbili za barabara: unaishi juu unanunua chini, unasoma huku unapanga chumba kule.

Tupige hesabu. Njia moja ni kama mita 3.5, nne ni mita 14 hata bila kuhesabu kisiwa cha katikati. Mtu mzima wa kawaida anakwenda mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 12 kuvuka. Gari la spidi 80 linakwenda mita 22 kwa sekunde, maana yake kwa hizo sekunde 12 linakula zaidi ya mita 260. Yani ili uvuke salama inabidi gari unaloliona liwe mbali kuliko viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa! Bibi mwenye mkongojo anahitaji sekunde 17 au 18. Hesabu mwenyewe.

Sasa weka kisiwa katikati ambacho mtu anaweza kusimama, si kale kaukingo ka zege ka kukanyaga kwa ncha ya kiatu, kisiwa cha mita 2 ambacho mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo anatosha. Anavuka mita 7, sekunde 6, anapumzika, anaangalia upande mwingine, anamalizia. Na gari likiwa kwenye 50, ambayo ndo sheria yetu ya maeneo ya makazi, kwa sekunde 6 linakwenda mita 80 na kitu tu. Kisiwa na spidi vimefanya kazi ambayo mabango elfu ya "vuka kwa uangalifu" hayafanyi. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa inaongezeka mara 4.5 spidi ikipanda kutoka 50 hadi 65. Soma tena hiyo, ni tofauti ya spidi 15 tu, dereva wala hasikii mguuni.

Halafu kuna mteremko. Lori lenye mzigo likishuka Iwambi breki zikiwa zimechemka halisimamishwi na zebra wala na afande. Kwa hiyo kivuko hakiwekwi chini ya mteremko hata kama ndo kwenye kituo na wafanyabiashara wanapataka, kituo ndo kihamishwe kifuate kivuko. Hii nimeisema kwenye vikao mpaka wamenichoka.

Si wajenge madaraja ya juu tu?

Sehemu mbili tatu sawa. Kila sehemu hapana. Daraja la juu linamwambia mtu mwenye mzigo kichwani apande ngazi, atembee, ashuke ngazi, ili dereva asikanyage breki. Watu watakata chini kwa chini kama kawaida, na Dar pale Manzese mmeona wenyewe miaka mingi daraja lipo juu na watu wanapita chini. Kivuko cha usawa wa ardhi chenye tuta pana la kupunguza mwendo, kisiwa na taa kinafaa zaidi na ni bei nafuu.

Nyumba yangu ina alama ya X. Hiyo njia ya miguu inakuja kunibomolea?

Pole sana, ila tutenganishe mambo. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati, zamani ilikuwa 22.5. Kwa hiyo kuna watu waliifuata barabara, na kuna watu barabara imewafuata kwa sheria hiyo. Wa kundi la pili wana madai ya fidia, usikubali kuchanganywa na la kwanza, tafuta karatasi zako za kiwanja na tarehe za ujenzi uwe nazo kwenye faili kabla hujaenda popote kulalamika.

Njia ya miguu yenyewe inataka mita 2 tu. Kwenye mita 60 za hifadhi ikikosekana sehemu ya mita 2 mnijulishe nije kuona maajabu. Kwenye mitaa iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ambako hifadhi ni ndogo kazi ipo kidogo, lakini hata huko mara nyingi kinachobana ni magari yaliyopaki na kokoto za mtu anayejenga tangu mwaka juzi.

Machinga watafukuzwa?

Mimi napinga wafukuzwe, na nawajua wenzangu wasionipenda kwa hili. Machinga anakaa pale kwa sababu miguu inapita pale, ukimpeleka sehemu isiyo na miguu atarudi ndani ya wiki. Mwaka 2021 walipangwa upya nchi nzima, na ukipita Mwanjelwa jioni leo jionee mwenyewe. Njia ikiwa pana mnaweka mstari: mita 2 za kupita hazikaliwi na mtu, hata mwenye nyanya za bibi yake, na nyuma ya mstari mtu anapanga bidhaa zake analipa anakaa kwa amani. Mtaa wenye machinga na mama lishe usiku una macho, una taa, hukabwi ovyo. Kosa ni kujenga njia ya mita 1 halafu unashangaa imejaa.

Mitaro ya wazi itafunikwa?

Ifunikwe, lakini kwa akili.

Kuna mtaro mmoja napita karibu kila siku, siutaji. Kina chake kinamfika mtu kifuani. Wenye maduka wamejiwekea ubao kila mmoja mlangoni kwake, mbao za mlingoti zilizopinda, moja imepigiliwa bati la mafuta juu, nyingine mvua imeioza pembeni kwa hiyo wenyeji tunajua kukanyaga kushoto. Mgeni hajui. Kwenye ubao huohuo anapita mteja, anapita mtoto wa shule, anapita kijana na gunia la viazi begani, na bajaji nayo imepaki mdomoni kabisa inasubiri abiria, sa ukifika katikati na mwingine anakuja inabidi mmoja arudi kinyumenyume. Kwa wenye wheelchea hapo safari imeisha.

Sababu ya kuiacha wazi mafundi wanayo na ni ya kweli: mvua zetu kuanzia Novemba hadi Aprili zinashuka kutoka mlimani na mchanga na mawe na taka za kila aina, ukiufunika mtaro moja kwa moja kwa zege hauzibuliki, maji yanapanda barabarani na kuingia ndani kwa watu. Dawa ni mifuniko ya zege ya vipande ambayo watu wawili wanaweza kuinua, yenye matundu, na kila baada ya mita kadhaa wavu wa chuma wa kushika taka. Na mtu wa kuzibua awepo kwenye bajeti ya kila mwaka, si mpaka mafuriko. Mtaro uliofunikwa vizuri ndo njia ya miguu yenyewe, hununui ardhi wala humbomolei mtu!

Na milima? Mtu atatembea vipi huku juu?

Ngazi. Tunaziona kama kitu cha kienyeji, lakini kwenye mteremko mkali ngazi za mawe zenye kishikio cha bomba na taa moja juu zinafupisha njia kuliko kuzunguka na barabara. Vile vijinjia vilivyochongwa na miguu ya watu mlimani ndo michoro tayari, injinia asianze na karatasi nyeupe, aanze navyo. Kwa wheelchea na mikokoteni ngazi hazifai, huko inatakiwa njia inayopanda polepole, viwango vingi duniani vinatumia mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda, na hiyo kwetu inawezekana tu ukiikata kwa kuzunguka mlima.

Iringa wenzetu wana mlima kuliko sisi lakini wana bahati moja: TANZAM inapita chini kule Ipogolo kwenye Ruaha Mdogo, mji wenyewe uko juu. Ukishapanda ukafika Miyomboni unatembea sokoni, posta, bila semitrela kukupumulia kisogoni. Shida yao ni ule mpando wa Ipogolo kwa mtu wa miguu. Sisi shida yetu lori liko sebuleni.

Bajaji na boda mnazionaje?

Sio maadui. Anayepanda bajaji alitembea kuifuata na atatembea akishuka. Wapewe sehemu za kusimama zenye mstari, mita chache kutoka kona, maana wakiziba kona mvukaji haonekani na yeye haoni. Hilo tu.

Baiskeli je?

Uyole, Igawilo na Iyunga kumetulia, wengi wanaendesha. Njia za pembeni zikiwa na mita 3 baiskeli na miguu vinaweza kugawana. Kwenye njia ya mita 1.5 wasichanganywe, watagombana.

Kwenye viwanja vipya huko pembeni kuna haja ya haya yote? Bado mashamba.

Huko ndo pa kuanzia! Mjini njia moja inakugharimu mamilioni na kesi, huko inakugharimu bikoni mbili. Isyesye, Iwambi, Itezi na kwingine watu wanajenga kwa kasi, mtu anakata shamba anauza vipande, kila mnunuzi anazungusha ukuta, na kile kichochoro walichokuwa wanapita watoto kwenda shule kinazibwa na geti la mtu. Mita 300 zinakuwa kilomita nzima ya kuzunguka. Ukishafika hapo mzazi anaanza kulipa boda kila siku, na mwenye geti hana habari kwamba yeye ndo kaanzisha hiyo nauli.

Zoezi la urasimishaji likija mtaani kwenu msikazane na hati tu. Mwambieni mpimaji aweke njia za miguu za mita 3 kila baada ya nyumba chache, zichorwe kwenye ramani na ziwe za umma. Isipochorwa haipo, hata kama babu yako aliipita.

Watoto wa shule?

Dar kuna shirika linaitwa Amend lilianza kuzunguka mashule yenye ajali nyingi, wakaweka matuta, njia za miguu, vivuko, wakahamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Vitu vidogo kabisa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya dunia ya miji ya WRI. Kuhamisha geti la shule haihitaji mkopo wa benki, inahitaji kamati ya shule na fundi wa kuchomelea. Hesabu shule zetu zenye geti linalotazama barabara kuu uone.

Usiku?

Taa. Barabara zilizojengwa kwa TSCP, ule mradi wa kuboresha miji mikubwa, zina taa na watu wanatembea mpaka usiku mkubwa, ukikata tu kuingia mtaani giza totoro. Dada zetu wengi wanapanda boda kwa mita 400 kwa sababu ya hilo tu. Taa za sola zianze kwenye njia za kutoka vituo vya daladala, na mkataba useme nani anabadilisha betri, maana nguzo za sola zilizokufa tumeshakuwa nazo za kutosha.

Hela zinatoka wapi, na nimbane nani?

Barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani ni TARURA, ipo tangu 2017. Mipango miji, vibali vya ujenzi na masoko ni halmashauri. Ukipeleka lalamiko la mtaro wa TANROADS kwa diwani atakusikiliza vizuri sana na hakuna kitakachotokea. Mbeya imo pia kwenye miji 45 ya TACTIC, mradi wa kuboresha miji unaojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, huko ndiko pa kuulizia njia za miguu zimechorwa upana gani kabla mkandarasi hajafika saiti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo hoja ya mtaa ikiingia Aprili imechelewa, peleka Oktoba au Novemba wakati mitaa inaorodhesha vipaumbele.

Mnataka kutunyang'anya magari?

Hapana jamani. Kigali walifunga kipande cha katikati ya mji mwaka 2015 kikawa cha miguu tu, na kuanzia 2016 wana siku za bila magari ambapo watu wanatoka kukimbia na kutembea, na matajiri wa Kigali bado wana magari yao. Hapa kwetu hata ikifungwa mtaa mmoja pale mjini karibu na soko Jumapili asubuhi si mbaya kujaribu.

Mimi mkazi wa kawaida nianzie wapi?

Tembea njia unayoipita kila siku ukiwa na simu. Piga picha kila sehemu unaposhuka kwenye lami kwa sababu njia imekatika, kila ubao mbovu, kila sehemu mnapovukia bila kivuko. Chora kwenye karatasi, andika jina la barabara na umbali kwa hatua. Ipeleke kwenye mkutano wa mtaa ukiwa na majirani angalau wanne, na hakikisha mtendaji anaiandika kwenye muhtasari, kwa sababu kisichokuwa kwenye muhtasari hakifiki kwenye kata. Omba nakala ya muhtasari yenye muhuri. Wakikuambia nakala hazitolewi rudi kesho yake na mwenyekiti.